Wimbi la Ukubwa wa Punje ya Hindi

Kiangazi cha 2012, wapita njia wa Manhattan walikuwa wakipishana na vijana wa Chuo Kikuu cha New York waliosimama kando ya barabara na kitoroli cha vyombo vya kupimia. Juu ya kitoroli palikuwa na honi ndogo ya chuma yenye mdomo wa pembe nne. Waliigeuza nyuzi 10, wakasubiri, wakarekodi. Wakaigeuza nyuzi 10 nyingine, mpaka ikakamilisha mzunguko. Kisha wakahamia kona ya pili, wakaanza upya. Juu ya paa la jengo la chuo, honi nyingine ilikuwa ikirusha mawimbi ya gigahezi 28. Wimbi moja la masafa hayo, kutoka kilele hadi kilele, lina urefu wa milimita 10.7. Ni kama punje moja ya hindi lililokomaa.

Wakati ule simu za mkononi zilikuwa zikitumia mawimbi ya sentimita 10 na zaidi. Haya madogo, yanayopimwa kwa milimita, yaliachiwa rada, darubini za kuchunguza nyota na madishi yanayotazamana kutoka mnara hadi mnara. Kila mhandisi alitoka chuoni akijua kwamba hayafai simu: ukuta huyazuia, majani huyafyonza, kiganja cha mtu huyaziba. Profesa Theodore Rappaport, aliyewaongoza vijana wale, alikuwa amekwisha kuyapima kwa gigahezi 38 kule Austin, Texas, na hakuridhika na kauli za mazoea. Alitaka namba za barabarani.

Namba zilikuja, na baadhi zilithibitisha hofu ya zamani. Kioo cha rangi cha ukuta wa nje wa jengo kilipunguza nguvu ya wimbi kwa desibeli 40, maana yake ni sehemu moja tu kati ya 10,000 iliyopenya. Lakini yaleyale majengo yaliyokataa kupitisha wimbi yaliliakisi. Honi ilipogeuzwa ilikuta wimbi likija kutoka upande ambao hakuna aliyeutarajia, limeruka kwenye ukuta wa jirani, wakati mwingine likitoka pande kadhaa kwa mpigo. Ndani ya mita 200 hivi, mahali pengi palipatikana njia. Mvua nayo ilipopigiwa hesabu ikaonekana imesingiziwa: mvua kubwa ya milimita 25 kwa saa ingepunguza desibeli 1.4 tu kwa umbali huo. Makala yao ilichapishwa mwaka 2013, na kichwa chake kilimalizikia na kauli ambayo wanasayansi huiogopa, tena kwa alama ya mshangao: itafanya kazi!

Septemba ya mwaka uleule wa 2012, upande wa pili wa dunia, wahandisi walikusanyika Kolkata, India, kuzindua kibao cha kumbukumbu. Kibao kinaeleza kwamba majaribio ya kwanza ya mawasiliano kwa mawimbi ya milimita yalifanyika katika mji ule kati ya 1894 na 1896. Tangu nilipoziona tarehe hizi mbili zimekaa pamoja, nimekuwa nikijiuliza: zaidi ya miaka mia moja yote hiyo, wimbi hili lilikuwa wapi?

Aliyefanya majaribio hayo ni Jagadish Chandra Bose, mzaliwa wa Bengal, mwaka 1858. Alisoma Cambridge, Lord Rayleigh akiwa mmoja wa walimu wake, akarudi nyumbani 1885 kufundisha fizikia katika Presidency College. Alipangiwa mshahara pungufu kuliko wenzake Waingereza kwa kazi ileile. Kwa miaka mitatu alifundisha bila kugusa mshahara huo, hadi chuo kikakubali kumlipa sawa na wengine. Maabara hakuwa nayo. Alijibanza katika chumba kidogo, na vyombo vyake vilichongwa na fundi bati wa mjini aliyemfundisha mwenyewe.

Sababu ya Bose kutaka wimbi dogo inagusa kiini cha habari hii yote. Heinrich Hertz, aliyethibitisha mawimbi ya redio kule Ujerumani, alipotaka kuonyesha mwaka 1888 kwamba yanapinda kama nuru, alilazimika kuunda prizimu ya lami ngumu yenye uzito wa zaidi ya nusu tani, kwa kuwa mawimbi yake yalikuwa marefu na kila kifaa kililazimika kulingana nayo. Bose alikuwa na chumba kidogo na fundi bati. Basi akalifupisha wimbi lenyewe, hadi kati ya milimita 5 na 25, na vyombo vyote vikafupika pamoja nalo. Prizimu ikaenea mkononi. Honi, ambayo yeye aliiita faneli ya kukusanyia, ikawa kitu cha kuweka mezani. Akachukua nyuzi za juti, zilezile zinazofumwa magunia, akazisokota, akaonyesha kwamba wimbi likipita ndani yake, ulalo wa kutikisika kwake hupindishwa kufuata upande wa msokoto. Akachukua kitabu cha ratiba za treni, akapachika karatasi za bati laini kati ya kurasa, kikawa chujio la kupitisha mawimbi ya ulalo mmoja na kuzuia mengine.

Mwaka 1895, mbele ya umma katika Ukumbi wa Mji wa Kolkata, inasimuliwa kwamba alirusha wimbi likapita katika mwili wa Luteni Gavana aliyekuwa amekaa hapo, likapenya kuta, likaenda kupiga kengele na kulipua baruti kiasi cha mita 23 mbali. Januari 1897 alibeba vyombo vyake hadi London na kuvionyesha kwenye Royal Institution. Kisha dunia ikashika njia nyingine. Meli zilihitaji mawasiliano ya maelfu ya kilomita, na mawimbi yaliyofika huko yalikuwa ya mamia ya mita; kwa hayo ndiyo Guglielmo Marconi alitangaza, Desemba 1901, kwamba amevuka Atlantiki. Bose mwenyewe akahamia kwenye uchunguzi wa mimea. Wimbi la ukubwa wa punje likawekwa kabatini.

Nusu ya pili ya jibu ilizaliwa kwa mawimbi marefu, mikononi mwa mtu ambaye hakuwa na habari na milimita.

Karl Ferdinand Braun, profesa wa Strasbourg, alisimamisha mwaka 1905 milingoti mitatu ya antena katika pembe tatu za uwanja mpana. Mmoja aliuchelewesha kidogo kuliko mingine. Akazunguka uwanja akipima, akakuta kwamba nguvu imejaa upande mmoja na upande mwingine umenyamaza. Alipobadili mlingoti wa kuchelewa, upande wenye nguvu ukahama, bila mtu kusogeza chochote chini. Alichofanya kinaeleweka vizuri zaidi gatini. Wapange watoto wanane ukingoni, kila mmoja na jiwe lake. Wakidondosha kwa pamoja, viwimbi vinaungana kuwa mstari mmoja unaokwenda moja kwa moja baharini. Kila mmoja akisubiri kitambo kidogo baada ya jirani yake wa kushoto, mstari uleule unakwenda mshazari. Gati halikugeuka, watoto hawakugeuka. Kilichogeuka ni mpangilio wa wakati. Wahandisi huuita awamu, na safu nzima ya antena za aina hii huitwa safu ya awamu.

Braun aligawana Tuzo ya Nobel na Marconi mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Marekani, alikokwenda kwa ajili ya kesi ya hataza, akazuiwa kurudi kwao. Alifia Brooklyn mwaka 1918. Chuo cha uhandisi cha Rappaport kiko Brooklyn hiyohiyo.

Wazo la Braun lilipata mwili katika mashamba ya Holmdel, New Jersey, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya simu ya Bell. Mwaka 1937, Harald Friis, Mdenmarki aliyehamia Marekani, pamoja na mwenzake Feldman walieleza mtambo wa kupokea simu kutoka Uingereza kwa mawimbi ya makumi ya mita. Antena 6 za waya, kila moja ya umbo la almasi, zilipangwa katika mstari wa karibu kilomita 1.2. Mawimbi yaliyoruka kutoka angani yalikuwa yakibadili pembe ya kushukia saa kwa saa, na mtambo uliyafuata kwa kubadili awamu tu. Antena sita, kilomita moja na zaidi. Tafadhali ikumbuke picha hiyo.

Friis huyuhuyu, mwaka 1946, aliandika kanuni fupi ambayo kila mwanafunzi wa mawasiliano huikariri, na wengi huielewa kinyume. Vitabuni huandikwa kwa namna inayoonyesha kuwa wimbi likiwa fupi, hasara njiani huwa kubwa. Hapo ndipo imani ya kwamba mawimbi ya milimita ni dhaifu ilipojengewa nyumba. Lakini Friis aliiandika kwa kutumia eneo la antena, na kwa namna hiyo inasema jambo jingine kabisa: antena mbili zikibaki na eneo lilelile, wimbi likifupishwa mara 10, nguvu inayofika huongezeka mara 100. Katika uwazi, wimbi fupi hukusanywa vizuri zaidi, maana antena ya eneo lilelile huweza kulielekeza kwa ukali zaidi. Udhaifu unaosemwa unatokea pale tu unapotumia antena moja ndogo yenye kupungua pamoja na wimbi. Ukiijaza nafasi iliyobaki kwa antena nyingine, unarudishiwa ulichopoteza na nyongeza juu yake. Uwezo huo wa kukusanya nguvu upande mmoja mafundi huuita geini, na bila geini kubwa gigahezi 28 haifiki popote.

Lakini geini ina bei yake, na bei hiyo inaonekana wazi juu ya mnara wowote. Yale madishi ya duara kama ngoma, yanayounganisha mnara na mnara, yana mwale mwembamba wa nyuzi moja au mbili. Siku ya kuyafunga, fundi mmoja hupanda huku na mwenzake kule, kilomita kadhaa mbali. Wa huku anaregeza nati, anasukuma dishi kwa unywele tu, anasubiri. Wa kule anasoma namba kwenye kipimo na kuitaja kwa simu. Imepanda. Songa tena. Imeshuka, rudi. Na kuna mtego: pembeni mwa mwale mkuu kuna vijimwale vya uongo, na fundi mgeni huweza kukipata kimoja akadhani amefika kileleni. Akikaza nati hapo, mvua ya kwanza itamuumbua. Kazi hiyo inaweza kumaliza nusu siku kwa kiungo kimoja, nacho kikishakazwa hakitikisiki.

Sasa mpe mtu kifaa cha namna hiyo mfukoni, apande nacho basi. Nani atashika spana? Wimbi dogo lilihitaji mwale mwembamba, na mwale mwembamba ulihitaji kugeuzwa mara nyingi kwa sekunde. Hilo lilitaka safu ya Braun, yenye antena nyingi zenye kudhibitiwa moja moja, kwa bei ya kifaa cha dukani. Nina hakika kwamba kilichokosekana kwa karne nzima ni hicho. Wimbi halikuwa na kasoro.

Waliokuwa tayari kulipa bei yoyote walikuwa wanajeshi. Katika Vita Kuu ya Pili, Luis Alvarez wa maabara ya rada ya MIT alibuni rada iliyoitwa Eagle: bawa la kama mita 5 lililofungwa chini ya ndege, ndani yake antena 250, mwale ukipepesuka kushoto na kulia kwa kubadili upana wa mfereji wa chuma uliozilisha. Mwaka 1945 ndege za B-29 ziliitumia kulenga viwanda vya mafuta vya Japani usiku. Sehemu hii ya urithi haifai kurukwa: hesabu zinazoielekeza video kwenye simu ya mtoto leo zilinolewa kwa ajili ya mabomu. Vita baridi vikaongeza ukubwa. Rada ya Eglin, Florida, iliyoanza kazi 1969, ina mitambo ya kurushia zaidi ya 5,000, na inakaa katika jengo la ghorofa kadhaa.

Kampuni ya Bell iliwahi kuyarudia mawimbi ya milimita kwa ajili ya raia, lakini ikayafungia ndani ya bomba. Mwaka 1975 ilifanya jaribio New Jersey kwa bomba la kipenyo cha milimita 60 na urefu wa kilomita 14, likibeba simu nyingi mno kwa mpigo. Nyuzi za kioo zikafika, bomba likaachwa.

Mlango ulifunguliwa na silikoni. Kwa miaka mingi, chipu za kushughulikia masafa haya zilitengenezwa kwa madini ghali, moja moja, kwa kazi za kijeshi na za anga. Silikoni ya kawaida, ile ya kompyuta, ilionekana nzito kwa kasi hiyo. Kadiri transista zilivyopunguzwa ili kompyuta ziende mbio, zilianza kuzifikia gigahezi 24, kisha 60, bila mtu kuzikusudia simu. Mwaka 2004, Ali Hajimiri na wanafunzi wake wa Caltech walionyesha kipokezi cha kuhudumia antena 8 kwa gigahezi 24, vicheleweshaji vyake vyote vikiwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Watoto wanane wa gatini walikuwa wameingia ndani ya chipu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2011, Zhouyue Pi na Farooq Khan wa Samsung, wakiwa Texas, waliandika makala kupendekeza mtandao mzima wa simu kwa mawimbi ya milimita. Mei 2013 kampuni ikatangaza mtambo wa antena 64 kwa gigahezi 28, uliopitisha gigabiti 1.056 kwa sekunde, na kufika hadi kilomita 2. Oktoba 2014 ikaujaribu kwenye gari lililokuwa likienda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, ikapata gigabiti 1.2 kwa sekunde. Mwale ulilifuata gari. Julai 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani ikawa ya kwanza kufungua masafa haya kwa mitandao ya kizazi cha tano.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote kilionyeshwa Februari 2017 na IBM pamoja na Ericsson. Ni bamba la mraba la sentimita 7 hivi kila upande, linalotoshana na kiganja. Juu yake antena 64 zimepangwa nane kwa nane. Chini yake zimekaa chipu 4 za silikoni iliyochanganywa na jerimani. Kila antena hufanya kazi kwa milalo miwili ya wimbi kwa wakati mmoja, kwa hiyo bamba hutoa miale miwili inayopitana bila kugombana.

Kipimo kinachotawala bamba zima ni nusu ya wimbi: milimita 5 na kitu. Antena mbili zikikaribiana kuliko hapo hubanana na kuingiliana. Zikiachana sana, mwale wa pili unazuka upande usiotakiwa na kunyang'anya nguvu, hasa unapogeuzwa pembeni. Maana yake ni kwamba kila antena, pamoja na kikuza nguvu chake, kikuza cha kupokelea, kichelewesho cha awamu na nyaya zake, vyote vina eneo dogo kuliko punje moja ya hindi pa kuishi. Waya nao hauruhusiwi kurefuka, kwa sababu kwenye masafa haya waya wa bodi hula nguvu kama mchanga unavyokunywa maji. Ndiyo maana chipu zinagandishwa mgongoni mwa antena zenyewe, na joto lao lote linatafutiwa njia ya kutoka hapohapo.

Halafu kuna suala la ukingoni. Antena ya katikati ina majirani pande zote, na majirani hao huathiri tabia yake. Ya ukingoni ina majirani upande mmoja tu, hivyo huimba sauti tofauti na wenzake. Wabunifu walizungushia zile 64 pete ya antena 36 bubu, zisizounganishwa na chochote cha kurusha. Kazi yao ni kukaa tu, ili za ukingoni zijione ziko katikati. Ukihesabu vipande usoni pa bamba unapata 100, na zaidi ya theluthi moja yao haijawahi kutamka neno. Naona uzuri mkubwa hapo.

Kichelewesho nacho kilikuwa na kiburi chake. Kwa kawaida ukibadili awamu, nguvu nayo hubadilika kidogo. Ukiirekebisha nguvu, awamu inasogea tena. Fundi anajikuta akizunguka palepale. Katika chipu hii vitu viwili hivyo vilitenganishwa, kila kimoja kikageuzwa bila kukigusa kingine, na mwale ukaweza kulengwa kwa hatua ndogo kuliko nyuzi 1.4. Mwale wa safu ya nane kwa nane una upana wa nyuzi 13 hivi. Antena 64 zenye vikuza vyake zikipatana upande mmoja, nguvu inayoelekea huko ni mara 4,096 ya antena moja: mara 64 kwa kuwa ziko nyingi, na mara 64 tena kwa kuwa zimekubaliana. Linganisha na waya zile sita za Holmdel.

Kwenye simu nafasi ni finyu zaidi, na adui ni mwenye simu mwenyewe. Wonbin Hong na wenzake wa Samsung walionyesha mwaka 2014 simu ya kawaida iliyofichwa antena 16 juu na 16 chini, kwenye kingo. Kwa nini mbili? Kiganja kikifunika ncha moja, nyingine iwe wazi. Julai 2018 Qualcomm ikatoa kipande kidogo chenye safu ya antena na chipu zake ndani, ambacho watengenezaji wangeweza kuweka hadi vinne katika simu moja. Kanuni za kizazi cha tano zilizokamilishwa miaka hiyo zinauwezesha mnara kupitisha hadi miale 64 ya kujitambulisha, mmoja baada ya mwingine, ndani ya milisekunde 5, kama mlinzi anayepitisha tochi uwanjani. Simu husikiliza, hujibu ni upi umeingia vizuri, na mazungumzo huanza kwa mwale huo. Mtu akigeuka, upekuzi unarudiwa. Ile nusu siku ya fundi na spana imebanwa kuwa kufumba na kufumbua.

Aprili 2019, Verizon iliwasha huduma ya gigahezi 28 kwa simu katika sehemu za Chicago na Minneapolis. Kasi ilikuwa ya kushangaza ukiwa karibu na nguzo yenye mtambo. Ukipinda kona au kuingia dukani, ilikatika. Kile kioo cha rangi cha Manhattan hakikuwa kimebadilika.

Korea Kusini iliumia zaidi. Mwaka 2018 kampuni tatu zilinunua haki ya gigahezi 28 kwa sharti la kila moja kusimika vituo 15,000. Kwa mwale unaokomea mita mia kadhaa, vituo hivyo ni vingi na wateja wa kuvilipia hawakuonekana. Mwishoni mwa 2022 serikali ikazinyang'anya mbili haki hiyo, na 2023 ikaifikia ya tatu. Mitandao ya kizazi cha tano iliyowashwa Tanzania na Kenya mwaka 2022 ilianzia kwenye masafa ya kati, na nadhani walichagua vizuri: nchi zenye vijiji vilivyotawanyika huanza na wimbi linalokwenda mbali. Safu ya awamu yenyewe imefika kwetu kwa mlango mwingine, kwenye zile sahani bapa za intaneti ya setilaiti ambazo hulifuata setilaiti linapopita bila sahani kutikisika.

Nilidhani mawimbi haya yangeishia viwanjani na kwenye vituo vya treni, palipo na umati. Ndipo Januari 2021 ikaja habari kutoka Mooroopna, mji mdogo wa mashambani katika jimbo la Victoria, Australia. Shirika la mtandao la taifa, nbn, pamoja na wenzake lilikuwa limefunga antena ya nje ya geini kubwa upande wa mteja na kuielekeza kwenye mnara uliokuwa kilomita 7.3 mbali. Mnara ukailengea mwale wake. Kwa umbali huo, kwa mawimbi ya milimita, zilipita karibu gigabiti moja kwa sekunde.